Chembe cha Moyo

Mtu akitaka kunitukana anitukane mimi mwenyewe, lakini asiguse kazi ya mkono wangu. Miaka saba natoa watu damu katika kliniki moja hapa Al Rigga, Dubai. Nimetoa watoto wanaorusha mateke, akina mama ambao mishipa yao hujificha kama wadaiwa, na mabaunsa wa hoteli wenye vifua vya milango wanaozimia wakiona sindano tu. Nadunga mara moja. Muulize yeyote.

Sasa Alhamisi hiyo, saa tano na nusu asubuhi, Daktari Maram akanipigia simu kutoka ghorofa ya tatu.

"Fridah, ile damu namba arobaini na moja umeiharibu."

"Nimeiharibu vipi, madam?"

"Umeitikisa. Chembe nyekundu zimepasuka. Majibu yake hayaingii akilini kabisa. Saa nane natuma takwimu, na hiyo naifuta."

Haki ya nani, masikio yalinishika moto. Nilikuwa nimemfunga mzee mmoja mpira mkononi, karibu nimsahau nao mpaka vidole vigeuke buluu.

Ngoja nieleze, maana bila hili hutanielewa. Daktari Maram ni bingwa wa tumbo, na ana utafiti wake. Anataka kuiona saratani ya tumbo kwenye damu mapema, kabla mtu hajaanza kutapika damu na kukonda. Anachokitafuta kinaitwa maikroRNA. Ni vipande vidogo mno ambavyo seli zetu hutumia kuamrishana kazi, na vingine hutoka nje vikaelea ndani ya damu. Uvimbe ukiota tumboni, baadhi ya vipande hivyo huongezeka na vingine hupungua. Kwa hiyo tunachukua damu ya wagonjwa wa tumbo na damu ya watu ambao matumbo yao hayana neno, tunalinganisha. Namba arobaini na moja aliandikwa upande wa wazima. Lakini damu yake ilikuja na viwango vya mgonjwa, tena mgonjwa kwelikweli.

Daktari alikuwa na sababu ya kunishuku, sikatai. Chembe nyekundu zikipasuka humwaga maikroRNA zao na kuvuruga kipimo chote. Ndiyo maana damu ya utafiti huu haitikiswi. Unaizungusha kwenye mashine ndani ya saa mbili, unayanyonya yale maji ya juu polepole, na unayatazama. Yakiwa ya njano, sawa. Yakiwa na wekundu wekundu, tupa, rudi kwa mgonjwa ukaombe msamaha.

Nilifungua daftari langu. Namba arobaini na moja: nimedunga mara moja, nimezungusha baada ya dakika arobaini, maji ya njano, safi. Mwandiko wangu mwenyewe. Na jina kwenye orodha yangu ya siku hiyo: Bi Mwanamkasi, miaka sitini na tisa.

Nilimkumbuka. Mama wa Kiunguja aliyeletwa Dubai mwaka jana na binti yake, Alya, wanakaa Rashidiya. Kiarabu chake ni cha sala, Kiingereza hana. Ana maneno mazuri mpaka unatamani asinyamaze. Nilipomtoa damu wiki iliyopita aliniambia, "Mkono wako mwepesi, mwanangu, sijui hata kama umenichoma." Sasa huyu ndiye niliyemharibia damu? Jameni!

Kama si mimi basi ni gari, maana chembe chache hubaki hata baada ya kuzungusha. Na gari ni Aidarus.

Aidarus ndiye anayebeba sampuli zetu hadi maabara. Mtu wa Unguja, kazaliwa mtaa wa Malindi kule kule mjini Unguja, kakulia Deira hapa Dubai, na hakuna siku inapita bila kunicheka kwa Kiswahili changu cha Vihiga, Kenya. Nikisema "nimemaliza kukula" anashika kichwa. Nikamkuta nyuma ya kliniki ameegemea gari.

"Aidarus! Wewe unaendesha hiyo gari kama unakimbiza mwizi! Umenitikisia damu!"

"Asalaam alaikum kwanza."

"Salamu baadaye. Daktari anafuta sampuli yangu, ati imepasuka. Mimi sijawahi kupasua damu ya mtu."

"Fridah, dada yangu, sanduku lile lina barafu na sponji, hata yai ungeweka lisingevunjika. Nipunguzie makelele. Toka alfajiri sijatia kitu mdomoni ila kahawa, na chembe cha moyo kinanichoma, wallahi."

Akajishika. Lakini hakujishika kifuani. Alijishika chini ya kifua, pale mbavu zinapoachana, akapasugua kwa ngumi.

Nikaikazia macho ile ngumi. Hata yeye alishtuka.

"Kinakuchoma wapi?" nikauliza.

"Hapa."

"Lakini umesema moyo."

"Moyo wapi? Nimesema chembe cha moyo. Hapa, juu ya tumbo. Ukiwa na vidonda vya tumbo ndipo panapochoma. Kwani nyinyi huko kwenu hamna chembe cha moyo?" Akaanza kucheka. "Mnapaitaje? Eti mnasema 'tumbo ya juu'?"

Sikucheka. Neno hilo nilikuwa nimelisikia kabla.

Miezi mitatu nyuma, Bi Mwanamkasi aliletwa kliniki akateremshwa mlangoni, kwa sababu Alya ni mwalimu na siku hiyo kulikuwa na mitihani. Daktari wa zamu hakuelewa neno. Mtu wa mapokezi akaja mbio kunitoa chumbani: "Fridah, wewe si unajua Kiswahili? Yalla, njoo." Mimi kazi yangu ni damu, ukalimani haumo kwenye mkataba wangu. Lakini nilienda, tena kwa mbwembwe, maana nani hapendi kuitwa anayejua?

Bibi akasema: "Kinaniuma chembe cha moyo."

Mimi chembe ninazozijua ni za damu. Shuleni tulifundishwa chembe nyekundu, chembe nyeupe. Chembe ni kitu kidogo. Nikamgeukia daktari nikasema kwa Kiingereza changu safi: ana maumivu kidogo ya moyo. Ndivyo nilivyosema. Maumivu kidogo ya moyo. Sikumuuliza bibi swali hata moja.

Daktari akampima umeme wa moyo, akakuta mistari haiko sawasawa, kama ya wazee wengi wenye presha. Akamwandikia dawa za moyo na aspirini ya kila siku. Aspirini! Dawa inayochubua tumbo, kwa mtu ambaye tumbo ndilo linalouma!

Na hilo si la mwisho. Wiki iliyopita, kwenye fomu ya utafiti, mimi ndiye niliyemsomea swali: una maumivu ya tumbo? Akajibu, na jibu lake nalikumbuka lote: "Tumbo langu zima, mwanangu. Ni hiki chembe cha moyo tu." Nikaweka alama kwenye "hapana." Nikamtia upande wa wazima kwa kalamu yangu mwenyewe. Halafu nikamfunga mpira mkononi, na mpira ukazunguka mara mbili kwa sababu mkono ulikuwa umekonda, nikasema moyoni, wazee wa Zanzibar wembamba sana.

"Fridah?" Aidarus akaniita. "Una nini?"

"Niache kidogo."

Nitasema ukweli, kwa sababu nimeamua kuusema wote. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa yule bibi. Lilikuwa viza yangu. Nikaona njia imenyooka mbele yangu: ninyamaze. Daktari Maram afute namba arobaini na moja, aandike kwamba Fridah alitikisa damu. Nitapewa karipio, nitanuna siku mbili, khalas. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa tayari kukubali kuitwa mtu asiyejua kudunga. Nikisema damu yangu ni safi, lazima niseme kwa nini viwango viko juu, na kwa nini vimekuja kutoka kwa mtu "mzima." Mkono wangu haukuwa na kosa. Ulimi ndio uliokosa.

Nilisimama pale jua likinichoma utosini labda dakika tano. Halafu nikapanda ngazi. Lifti sikuingoja, maana ningeingoja ningerudi nyuma.

Daktari Maram alikuwa mbele ya kompyuta. Nilimwambia nikiwa nimesimama, bila kuvuta pumzi: neno, nilivyolisikia, nilivyolitafsiri, fomu, alama. Nilipomaliza hakunikaripia. Ningependa angenikaripia.

"Onyesha anapouma," akasema.

Nikajishika chini ya kifua.

Akavuta faili. "Amekonda?"

"Ndiyo, madam."

"Anashiba haraka? Choo cheusi?"

"Sijui. Sikuuliza."

Akatazama ile sampuli kwenye skrini, akaurudisha mstari wake aliokuwa ameutia rangi ya kufutwa. "Hii si hukumu, Fridah. Ni ishara tu. Lazima nimpitishe kamera tumboni ndipo nijue. Na aspirini aiache leo, sasa hivi. Mpigie."

Nikapiga namba ya Alya. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Mara ya tatu sauti ya Alya ikasikika haraka haraka, nyuma yake milango inabamizwa: "Samahani, siwezi kuzungumza, tunampeleka mama uwanja wa ndege, anarudi Zanzibar leo." Kabla sijasema neno, simu ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikachoka.

"Una wagonjwa wangapi chini?" Daktari Maram akauliza.

"Sita."

"Watangoja. Nenda."

Aidarus hakuuliza maswali mengi. Nilipomwambia kwa kifupi, alisema, "Lahaula," akawasha gari. Tulipanda barabara ya uwanja wa ndege kwenda kwao Rashidiya, tuwawahi kabla hawajatoka, ndege zikishuka juu ya vichwa vyetu moja baada ya nyingine, na kila taa ilikuwa nyekundu. Nilikuwa nikibonyeza simu na kumlaani kila dereva aliye mbele yetu. Wawili waliniona midomo.

"Ukimlaani huyo hasikii," Aidarus akasema.

"Basi mpite!"

"Si wewe uliyesema naendesha kama nakimbiza mwizi?"

"Aidarus, leo mkimbize."

Tulifika Rashidiya karibu saa saba. Buti ya gari ilikuwa wazi, ndani masanduku mawili na boksi lililofungwa kamba. Alya alikuwa mlangoni na funguo mkononi. Mwanamke mrefu, baibui jeusi, uso wa mtu ambaye hajalala.

"Fridah wa kliniki? Kumetokea nini?"

"Bibi asisafiri," nikasema. "Nina neno naye. Dakika tano tu."

"Anasali. Na muda hatuna."

Nikachungulia sebuleni. Bi Mwanamkasi alikuwa juu ya mswala, ameketi kitini, mgongo umemwelekea mlango. Sikuweza kumkatiza. Nilisimama kizingitini viatu mkononi, nikihesabu kila anapoinama. Alipotoa salamu kulia na kushoto nikashukuru, kumbe anaanza sunna. Wueh! Sijawahi kumtakia mtu afupishe sala, lakini siku hiyo nilitaka, Mungu anisamehe.

"Kwa nini anaondoka leo?" nikamnong'oneza Alya.

"Hataki kukaa tena. Anasema kama moyo utasimama, usimame kwao. Nimembembeleza mwezi mzima." Sauti ikamkatika. "Hali chochote, Fridah. Vijiko vitatu vya uji, basi. Ripoti inasema moyo, dawa ni za moyo, nami nimesoma kila karatasi. Nifanye nini zaidi?"

Kumbe alikuwa anaenda kuzikwa. Mtu amefunga masanduku aende kufa kwa ugonjwa wa moyo niliompa mimi.

Bibi akakunja mswala. "Ah, mkono mwepesi! Umekuja kuniaga?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, joto hilo."

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake. "Bibi, nionyeshe kinapokuuma."

Akapashika. Chini ya kifua, juu ya tumbo, kwa kiganja kizima.

"Mimi sikulijua hilo neno," nikamwambia. "Kwetu hatulisemi. Nilisikia moyo. Nikamwambia daktari unaumwa moyo, naye akakutibu moyo. Ni tumbo ndilo walilopaswa kulitazama. Kosa ni langu, bibi, si la daktari. Damu yako imeonyesha kitu, na huenda ni kitu kibaya. Ukipanda ndege leo hakuna atakayejua ni nini. Na hizo aspirini, tafadhali, usimeze nyingine."

Alya aliangusha funguo. "Miezi mitatu!" akapiga kelele. "Miezi mitatu nampa mama yangu dawa kwa mkono wangu, kwa sababu wewe hukuuliza? Neno moja! Hukuweza kuuliza neno moja?"

Nikaziokota zile funguo, nikamrudishia.

Bi Mwanamkasi aliinua mkono kumnyamazisha binti yake. "Mimi nilikuwa nastaajabu," akasema. "Nawaambia chembe cha moyo, wananifunga nyaya kifuani. Nikasema labda ndiyo maendeleo ya Dubai, tumbo linatibiwa kwa kupitia moyoni." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka, akajishika pale pale na uso ukajikunja. Maumivu yalipopita akamwambia Alya, "Teremsha masanduku."

Kamera ilipitishwa Jumamosi. Nyama kidogo ikakatwa ikapelekwa kupimwa, na picha nyingine zikapigwa. Katikati ya siku hizo nilipewa barua yangu: onyo la mwisho, na marufuku kumtafsiria mgonjwa yeyote. Niliisaini bila kusoma mara mbili. Ilikuwa haki yangu.

Siku ya tisa, nikiwa kwenye chumba changu cha kutolea damu, mtu wa mapokezi akaja mbio kama zamani. "Fridah, yalla, juu."

"Nimekatazwa."

"Daktari Maram mwenyewe anakuita."

Kumbe walikuwa wamempigia mkalimani wa simu, mtu wa kampuni, mwenye cheti. Bi Mwanamkasi alimsikiliza dakika moja, akairudisha simu mezani. Alisema yule hamwoni, na akikosea hata hatajua. Niitieni yule aliyekosea, akasema, yeye sasa atauliza.

Nikaingia. Alya hakuwepo, alikuwa chini kutia saini karatasi za bima. Tulikuwa watatu tu. Daktari Maram akasema kwa Kiingereza, sentensi moja moja, akiningoja. Nami nikamwambia bibi, na kila neno nikamrudishia: umeelewaje, hebu nieleze wewe. Kwamba ni saratani. Kwamba iko tumboni, pale pale alipopashika siku zote. Kwamba haijaruka kwenda kwenye ini wala mapafu, lakini imeingia ndani ya ukuta wa tumbo na kugusa tezi mbili za jirani. Ataanzishiwa dawa za dripu kwanza ili uvimbe usinyae, kisha atafanyiwa upasuaji, kisha dripu tena. Na kila baada ya duru moja nitamtoa damu, ili daktari aone zile maikroRNA zinashuka au zimegoma. Zikigoma, atajua mapema abadilishe dawa.

"Utanitoa wewe?" bibi akauliza.

"Mimi, bibi."

"Vyema." Akakunja ncha ya kanga yake vidoleni. "Muulize jambo moja. Ugonjwa ungeonekana siku ile ya kwanza niliyokuja, hiyo miezi mitatu, kungekuwa na tofauti?"

Nilimwangalia. Alikuwa ameuliza kwa upole, kama anayeuliza bei ya tango. Nikamgeukia daktari, nikalitafsiri swali lote, sikupunguza.

Daktari Maram alivua miwani. Alinitazama mimi, hakumtazama bibi. "Uvimbe ungekuwa mdogo," akasema. "Huenda tezi zisingeguswa. Huenda upasuaji peke yake ungetosha, bila dripu." Akashusha sauti, ingawa bibi hakuelewa hata neno. "Fridah, hakuna mwenye hakika ya miezi mitatu. Ukitaka, mwambie hatujui. Huo pia si uongo."

Njia ikanyooka tena mbele yangu, ile ile. Alya yuko chini. Hakuna mwingine chumbani anayejua lugha zote mbili.

"Amesemaje?" bibi akauliza.

Nikamshika mkono, ule mwembamba.

"Amesema ndiyo, bibi. Amesema uvimbe ungekuwa mdogo, na pengine wangekukata tu yakaisha. Amesema pia kwamba hakuna mwenye hakika. Lakini la kwanza alilosema ni ndiyo."